Tairi Jekundu la El Mezquital

Benchi lenyewe lilikuwa kiti cha nyuma cha basi bovu, kimeegemezwa ukuta wa kibanda cha pancha cha Fidencio, pale El Mezquital, kilomita sabini kabla ya Ciudad Ribera na daraja lake la kuvukia mpaka kwenda ng'ambo. Asubuhi kiti hicho kilikuwa na wenyewe. Alikuwepo Redio, kondakta mstaafu, ambaye habari ikimwingia sikioni hailali njaa. Alikuwepo Askofu, muuza chumvi ya ng'ombe, aliyeingia kanisani mara ya mwisho siku ya kubatizwa, lakini methali hazimwishi mdomoni. Alikuwepo Bubu, mfuga mbuzi, aliyeitwa hivyo si kwamba hawezi kusema, ila miaka sita sasa alikuwa amekosa hamu ya kusema. Na Fidencio mwenyewe, ambaye kila mtu alimwita Kiraka, alikaa pembeni kwenye ndoo iliyopinduliwa, sikio moja kwenye mazungumzo, la pili kwenye simu. Kahawa ilikuwa ya mama mmoja, Doña Chole, iliyochemshwa chunguni, yenye mdalasini na sukari guru. Chungu kikikauka, kikao kimekwisha.

Mbele ya kibanda, ukingoni mwa lami, palikuwa na nguzo yenye ndoano, na nguzo hiyo ndiyo iliyoipa El Mezquital umaarufu. Likining'inia tairi jeupe, Ciudad Ribera kunapitika. Likining'inia jekundu, geuza gari urudi kwenu. Kiraka aliyapaka rangi matairi hayo mwenyewe miaka sita iliyopita, wiki ile Eleuterio, mdogo wake Bubu, alipoingia Ciudad Ribera na lori la maboga mchana kweupe na asitoke upande wa pili, yeye wala lori. Kiraka alitaka asipotee mtu mwingine, na hakuna aliyemlaumu kwa hilo. Madereva wakazoea, na hawakuwa wakiuliza tena. Walitazama nguzo tu.

Leo ilikuwa Jumanne, tarehe ishirini na tatu Desemba, na jekundu lilikuwa kwenye ndoano siku ya nne. Saa tano Nereida angepiga simu. Nereida alikuwa mtoto pekee wa Kiraka. Alikuwa ameendesha gari usiku kucha kutoka mjini kwake ng'ambo, na sasa alikuwa upande wa pili wa daraja na mtoto wa mwaka mmoja, Eulalia, mjukuu ambaye Kiraka hajamtia machoni. Angeuliza swali lile lile analouliza siku zote: Baba, jekundu au jeupe?

– Jana lori la gesi halikupita, Redio alianza, akipuliza kikombe. Juzi basi la asubuhi limefika pale kwenye kona, likasimama, likageuza na abiria wake wote. Dereva wa basi hageuzi bure, ndugu zangu. Nimefanya kazi kwenye mabasi miaka ishirini na mbili. Tuligeuza mara moja tu, na siku hiyo daraja la mto lilikuwa limesombwa na maji.

– Lisemwalo lipo, alisema Askofu, na kama halipo, li njiani laja.

– Hili si la kuja. Limeshafika, limepanga chumba, limelipa kodi.

– Nataka la uhakika, alisema Kiraka. Saa tano mwanangu anapiga.

– Uhakika huu hapa. Sikiliza. Pale Ciudad Ribera, ukishapita soko, kuna tuta jipya barabarani. Nani kalijenga? Siyo serikali. Wamelijenga wale watekaji wenyewe, usiku, ili ukipunguza mwendo wapate kukuhesabu vichwa.

– Sasa tuta utajuaje kama ni lao au la serikali?

– La serikali lina mashimo, alijibu Redio.

Askofu alicheka mpaka kahawa ikamwingia puani. Alipopona akajisogeza mbele, maana hakupenda Redio aumiliki mkutano peke yake.

– Tuta si kitu, alisema. Shida ni yule muuza ndege. Mzee anayekaa kwenye taa za barabarani na vizimba vyake vya chiriku. Nyinyi mnaona anatafuta riziki. Wale chiriku wamefundishwa. Gari likija lenye namba za huku, ndege kimya. Likija lenye namba za ng'ambo, ndege anaimba. Likija la ng'ambo lenye mizigo ya Krismasi juu, ndege anaimba mara mbili.

– Chiriku anasoma namba za gari?

– Anasoma rangi. Usimdharau ndege, Redio. Mdharau mwiba tende huota mguu.

– Acha fiksi, Askofu. Hata methali yenyewe umeichinja kwa kisu butu.

– Ila umeelewa.

– Chiriku ni mambo ya zamani, alisema Redio, sasa hataki kushindwa. Siku hizi wanatumia tai wa mizoga. Umewaona wale wanaozunguka juu bila kupiga mabawa? Mara ngapi umemwona tai anazunguka na chini hakuna mzoga? Ni wa plastiki. Ana kamera tumboni. Anakuona tangu ukiwa darajani, anajua mpaka umevaa soksi gani.

– Ndiyo maana mimi sivai soksi, alisema Askofu.

– Na ukifika kwenye taa, usisimame kwenye nyekundu. Simama kwenye kijani. Wao wanawangoja wanaosimama kwenye nyekundu.

– Na wale walio nyuma yako kwenye kijani?

– Watapiga honi. Honi ni ulinzi.

Siku nyingine Kiraka angecheka nao, na pengine angetia tai wake mwenyewe hewani. Leo alikuwa anatazama saa ya simu: saa nne na dakika kumi. Aliupenda uongo wa benchi hili, huo ndio ukweli. Ulimpunguzia upweke. Lakini kila mara uongo huo ulipokwisha kuchekwa, ulibaki unga kidogo chini ya kikombe, na huo unga ndio aliompa Nereida kwenye simu.

– Kwa hiyo nimwambie nini? aliuliza.

– Njia ya mwongo ni fupi, alisema Askofu kwa uzito. Hii yetu ni kilomita sabini. Basi si ya mwongo. Hatari yake ni ya kweli.

– Mwambie arudi, alisema Redio kwa upole, maana alimpenda Kiraka. Atakuja Pasaka. Mtoto hatazeeka kabla ya Pasaka.

Bubu alikuwa anakitazama kikombe chake, na tela lake la mbuzi lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara, mbuzi wawili wakitafuna kamba.

Atakuja Pasaka. Kiraka alilikumbuka neno hilo kwa sauti yake mwenyewe. Desemba ya mwaka juzi Nereida alikuwa amesimama pale pale darajani, saa ile ile, na mkewe Kiraka, Eulalia mkubwa, alikuwa hai. Alikuwa ameamka alfajiri akasonga unga wa mahindi, akafunga tamale dazeni nne kwenye maganda ya mahindi, na dazeni mbili akaziweka kando chini ya kitambaa cha maua, za Nereida, zenye pilipili nyingi kama anavyopenda. Saa tano Kiraka akasema kwenye simu: Jekundu, mwanangu, rudi, utakuja Pasaka. Eulalia hakubisha. Alikirudisha kitambaa, akasema labda kesho. Siku ya tatu Kiraka alizileta tamale benchini zisije zikaharibika. Benchi likala, likasifu, Askofu akaomba maganda apelekee nguruwe wake.

Pasaka haikufika. Eulalia alianguka mwezi Machi akiwa anaanika nguo, na siku mbili baadaye walimzika. Nereida alipiga simu kutoka darajani akilia, na nguzo ilikuwa na jekundu, na Kiraka akamwambia: Usije, sitaki kuzika wawili. Maneno hayo aliyaona ya busara siku ile. Tangu hapo yamekuwa yakimwamsha usingizini.

Saa nne na nusu pikapu ya kijani ikasimama mbele ya nguzo, machungwa yamejaa mpaka juu, turubai limefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Akashuka mwanamke wa makamo, mwenye kofia ya majani na mikono ya mtu anayechuma mwenyewe.

– Hamjambo, wazee. Nani kati yenu ndiye Kiraka?

– Mimi, mama. Pancha?

– Sina pancha. Naitwa Amparo. Nina machungwa ya watu na jua kali. Siku zote anayeendesha ni mume wangu, sasa amevunjika mguu, njia hii siijui. Jana nimelala huko nyuma, sheli ya Las Comas. Wameniambia nisithubutu kupita mpaka tairi lako libadilike.

– Wamekuambia vizuri, alisema Redio, akimpisha nafasi kwenye kiti. Kaa unywe kahawa, dada. Ukibanwa na kiu huko mbele, huko mbele hakunyweki.

Doña Chole akammiminia. Akapata nusu kikombe, maana chungu kilikuwa kinaelekea mwisho. Amparo akanywa amesimama.

– Sasa naomba mnieleze, alisema. Huko mbele kuna nini?

Redio hakungoja kuombwa mara ya pili. Akampa tuta, akampa tai wa plastiki. Askofu akampa chiriku, na kwa kuwa mgeni alikuwa anasikiliza vizuri, chiriku sasa waliimba mara tatu. Amparo alisikiliza yote bila kucheka, kama mtu anayesikiliza maelekezo ya dawa.

– Na haya mmeyapata kwa nani?

– Ushahidi uko wazi, alisema Redio. Lori la gesi halijapita tangu jana. Basi limegeuza tangu juzi. Wale wanajua kitu.

– Dereva wa gesi nilikuwa naye pale Las Comas tangu jana, alisema Amparo. Anacheza domino na dereva wa basi. Anadaiwa soda sita.

– Umeona. Kakimbia. Aliona nini?

– Nilimuuliza hivyo hivyo. Alisema hajaona kitu. Aliambiwa na huyo dereva wa basi.

– Na dereva wa basi aliona nini?

– Tairi, alisema Amparo, akaonyesha nguzo kwa kikombe. Anasema Jumapili alifika hapo kwenye kona, akaliona jekundu, akageuza.

Redio alifungua mdomo, akaufunga. Ni jambo ambalo El Mezquital haikuwa imelishuhudia.

– Sasa ndiyo maana nauliza, akaendelea Amparo, bila kejeli yoyote. Wao wamegeuza kwa sababu yenu. Na nyinyi mlitundika kwa sababu gani?

– Kwa sababu lori la gesi... alianza Askofu.

– Lori limesimama jana. Tairi lina siku ngapi hapo?

– Tangu Jumamosi, alisema Kiraka.

– Jumamosi mliona nini?

Redio akamtazama Askofu. Askofu akamtazama Redio. Jumapili walipokuja benchini, kila mmoja aliliona jekundu, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyeleta habari, na kwa aibu ya kuonekana wa mwisho kujua, hakuna aliyeuliza. Sasa wote wawili wakamgeukia Kiraka.

Kiraka hakuwa anawatazama. Alikuwa anatazama ng'ambo ya barabara, kwenye tela la mbuzi la Bubu. Gurudumu la kushoto la tela lile lilikuwa jeupe.

– Jumamosi Bubu alikuja na tairi limepasuka, alisema polepole. Saizi ile sikuwa nayo, ila lile la nguzoni. Nikalishusha, nikamfungia. Nguzo ikabaki tupu, nikaona watu watadhani nimefunga duka. Nikatundika lililobaki.

Mbuzi mmoja alikohoa.

– Na Jumapili, ulipoona basi linageuza? Redio aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

– Nilisema moyoni, namshukuru Mungu, kumbe nililitundika kwa wakati.

– Basi njia ni salama, alisema Amparo.

– Hapana, mama, hilo sijasema. Ndugu yake huyu alipita huko na hakurudi. Hilo si la chiriku. Nimesema sijui.

Neno hilo lilimtoka kwa shida, na lilipokwisha kumtoka akaona linavuta jingine nyuma yake. Amparo akaenda nyuma ya pikapu kukaza kamba ya turubai, ambako hasikii, na Kiraka akamgeukia Redio.

– Desemba ya mwaka juzi, alisema. Ile ya tamale. Lilikuwa jekundu. Tulilitundika kwa nini?

– Si yule... si kuna muuza mkate alisema wamefunga barabara?

– Aliambiwa na nani?

Redio alikuna kidevu. Alitafuta kweli, maskini. Mtu ambaye anakumbuka nauli za mwaka wa themanini na nne alitafuta kwenye kichwa chake chote, na hakupata.

– Na mwezi Machi? Kiraka aliuliza. Siku ya kumzika mama yake. Nani aliona nini?

Askofu alivuta pumzi ya kusema methali. Kiraka akamwahi.

– Lisemwalo lipo, Askofu. Na kama halipo, tutalitundika wenyewe.

Askofu akainamisha kichwa. Redio akatazama viatu vyake. Kiraka hakuwa na hasira nao, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Rangi aliipaka yeye. Ndoano aliipigilia yeye. Kwa miaka sita amewalinda watu wa watu, na labda kuna siku amewalinda kweli, hatajua. Na labda kuna siku alimgeuza mwanawe asimzike mama yake kwa ajili ya gurudumu la tela. Hilo pia hatajua. Ingekuwa nafuu kujua lolote kati ya hayo mawili.

Doña Chole akainamisha chungu. Yakatoka matone matatu na kijiti cha mdalasini.

– Imekwisha, alisema.

Simu ikaita.

– Baba, alisema Nereida, na nyuma yake mtoto alikuwa analalamika kwa lugha ya watoto. Baba, nimefika. Jekundu au jeupe?

Kiraka alisimama. Mikono yake ilikuwa na grisi, na simu alikuwa anaihamisha toka mkono huu hadi ule bila sababu.

– Sijui, mwanangu, alisema.

– Hujui vipi? Si unaliona?

– Naliona tairi. Njia siioni. Sijawahi kuiona tangu Eleuterio. Hata Desemba ile, Nereida, nilipokuambia urudi. Sikujua. Nilikuambia kama ninajua.

Mtoto akanyamaza, labda ametiwa kitu mdomoni.

– Hata siku ya mama? Nereida aliuliza.

– Hata siku ya mama.

Kimya kilikuwa kirefu. Kiraka alikisikiliza chote, hakukikatiza, maana alijua ni chake.

– Usivuke bado, alisema mwishoni. Kaa huko huko upande wako, penye watu. Nakuja mimi darajani. Nikifika nitakuwa nimeiona njia yote, na nitakuambia nilichoona. Nikiona mbaya, nitavuka kwa miguu mpaka katikati ya daraja, nimwone mtoto hapo, halafu mtarudi. Nikiona si mbaya, nitakaa kiti cha mbele na wewe, tuje nyumbani.

– Na ukiona mbaya ukiwa huko huko, Baba?

– Hapo nitakuwa nimepita, kama wewe ulivyokuwa tayari kupita mara mbili.

Alikata simu. Akamwita Amparo.

– Mama, una nafasi?

– Ya mtu mmoja, ukikubali kupakata kapu la machungwa.

Redio alisimama, akakaa, akasimama tena. Alitaka kusema kitu cha maana, na akasema:

– Kwenye taa, basi simama tu kwenye nyekundu, kaka. Kama watu wengine.

Ndipo Bubu akainuka. Alivuka mpaka kwenye nguzo, akalishusha lile tairi jekundu kwa mikono miwili, akaliegemeza ukutani, uso wake wa rangi ukitazama ukuta. Kisha akamsogelea Kiraka. Ilikuwa ni muda mrefu hawajaisikia sauti yake, na ilikuwa na kutu.

– Kati yetu, wa mwisho kupita pale ni mimi, alisema. Nilizunguka wiki mbili na picha ya Eleuterio, nauliza kila duka. Nilikuwa namtafuta aliyeondoka. Wewe wako amekuja, anakungoja. Nenda. Ukipita kwenye taa za soko, ukimwona huyo mzee wa ndege, msalimie. Alinipa maji.

Askofu akashangaa mdomo wazi. Muuza ndege, aliyedhani amemtunga yeye mwenyewe, alikuwepo kweli, na alikuwa ametoa maji.

Kiraka alimkumbatia Bubu, akapanda. Pikapu iliondoka polepole, machungwa yakigongana chini ya turubai. Kwenye kioo cha pembeni aliiona nguzo ikiwa tupu, na wazee watatu wamesimama chini yake hawajui wakae wapi. Kwa mbali kibanda kilionekana kama duka lililofungwa. Aliona hivyo, na hakujali.

Walikwenda kilomita kadhaa bila kusema. Njia ilikuwa lami, miiba ya mezkiti, na mwanamke mmoja anauza jibini la mbuzi chini ya mwavuli, akiwa amekosa wateja siku ya nne. Kiraka alimtazama mpaka akapotea nyuma. Alikuwa na hofu, na hakujidanganya kwamba hana.

Amparo alikuwa mwanamke mwenye roho nyepesi, na ukimya haukumfaa. Akachukua chungwa moja, akampa.

– Mama yake atafurahi leo, alisema. Naona sasa hivi yuko jikoni anasonga tamale, eh?

Kiraka alilizungusha lile chungwa mkononi, alama ya grisi ikabaki kwenye ganda.

– Alisonga, alisema. Mwaka juzi. Tulizila sisi wa benchini.